Waliponiacha Katika Mji wa Mawe

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, mwezi wa saba

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, salamu za mtoto kwa mzazi wake. Naomba barua hii ikukute u mzima, miguu imepungua kuvimba na usingizi unapatikana. Najua jinsi upepo wa ziwa unavyoingia mtaa wetu wa Kataki mwezi huu bila kubisha hodi, kwa hiyo nauliza kama dirisha la chumba chako limetiwa kioo au bado lina kile kipande cha katoni. Nauliza pia nani anayafagia makaburi siku hizi, la Mama na la Joël. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka. Na wale wasiopenda kunikumbuka, nao wasalimie.

Mimi sijambo. Bado nashona. Nimekodi nafasi ya cherehani moja kwenye baraza la duka hapa Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, na kazi yangu kubwa ni sare za shule na kanzu za wanakwaya. Baridi ya huku inauma mpaka ndani ya kucha, lakini wateja hawakosi. Tunakula, tunalala, tunaamka.

Ujumbe wako uliompa Thierry niliupata. Umesema umesikia kwamba una mjukuu huku. Umesema yaliyopita tuyaache yapite, kwamba tangu Mama afariki nyumba imekuwa kubwa mno kwako, na kwamba mwezi wa tisa utapanda basi kutoka Lubumbashi, nije nikupokee Park Station. Tena umeomba mtoto huyo aitwe Joël, ili jina lisizame. Hujauliza kama ni wa kike au wa kiume, na Kiswahili chetu kinanisaidia nisikuambie.

Labda unashangaa kwa nini sikukupigia simu. Sauti, Papa, hunaswa, ikafika kwenye masikio ambayo haikutumwa. Karatasi utaisoma wewe peke yako na miwani yako, na ukitaka kuichoma, kiberiti unacho.

Kabla ya kukujibu nataka nikusimulie mambo ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Wengine walikusimulia kwa niaba yangu.

Unakumbuka nilivyoondoka kumfuata Thierry, baada ya harusi ile ya haraka. Basi letu liliharibika Masvingo, ndani ya Zimbabwe, na dereva akasema kifaa kingetoka Harare kesho yake. Nikasikia abiria wakisema karibu na mji ule kuna magofu ya ngome ya kale ya mawe. Mara moja nikakukumbuka wewe ukiwa mbele ya darasa la tano, chaki mkononi, ukituambia kwamba upande wa kusini kuna mji mkuu wa wafalme weusi, uliojengwa kwa mawe juu ya mawe bila tope wala saruji, na kwamba Wazungu walipouona walikataa kuamini ni kazi yetu. Wenzangu walilala kwenye viti vya basi. Mimi nilitafuta gari nikaenda.

Papa, ulisema kweli, ila hukusema yote, kwa sababu hukuwahi kufika. Ukuta ule mkubwa unapinda kama mkono wa mtu anayekumbatia. Urefu wake unapita nyumba ya ghorofa mbili, na mawe yamechongwa sawasawa kama mikate. Ndani kuna kichochoro kati ya kuta mbili, chembamba hata mabega yanagusa huku na huku, na mwisho wake unasimama mnara usio na mlango. Nilimwomba mtalii mmoja anipige picha pale chini ya mnara. Nilivaa kitenge cha Mama. Nilipofika Johannesburg nikaisafisha picha hiyo na kuitundika ukutani kwenye chumba chetu cha mtaa wa La Rochelle.

Jumapili ya kwanza kanisani waliniomba nitoe ushuhuda wa safari. Kanisa letu lilikuwa kwenye gereji ya zamani, watu wa Bukavu, Kalemie, Lubumbashi, Watanzania wawili watatu, na mchungaji wetu aliitwa Damien, ila kumwita mchungaji ilikuwa kumtukana, tulimwita Apotre, yaani Mtume. Nikasimulia basi lilivyokufa na nilivyofika kwenye magofu. Nikasema kwa furaha ya ujinga wangu, “Pale ndani nilijisikia kama malkia aliyerudi kwake.” Watu wakacheka, wakapiga makofi. Apotre hakucheka. Alinitazama kama mtu anayekariri.

Miaka mitatu tuliishi vizuri, si vizuri sana, vizuri tu. Thierry alikuwa mlinzi kwenye duka la samani, mimi nilishona. Mtoto hakuja. Halafu matatizo yakaanza kufuatana kama watu kwenye foleni. Thierry alifukuzwa kazi kwa sababu ya mali iliyoibwa akiwa lindoni. Mtoto wa Apotre akapata kifafa. Gereji ikashika moto usiku mmoja kwa sababu ya nyaya za kuunganisha umeme wa wizi, jambo ambalo kila mtu alilijua. Lakini kanisani hapakuwa na mtu aliyetaka kusikia habari za nyaya. Walitaka kujua ni nani.

Apotre alifunga na kuomba, akatoka na jibu. Alisema ameonyeshwa mji wa mawe, na kiti cha enzi kitupu ndani yake, na mwanamke wa kanisa hili ameketiwa na roho ya malkia wa mji ule. Aliondoka nayo siku alipopiga picha. Popote roho hiyo ilipo, alisema, wengine hawawezi kustawi, maana malkia hagawani na mtu. Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja. Yule mama niliyekaa naye benchi moja akasogea mbali nami.

Nyumbani Thierry aliitoa picha ukutani, akaigeuza uso chini juu ya kabati. Nilimuuliza kama anaamini mambo hayo. Akajibu kwamba yeye haamini, ila amechoka. Papa, nimeishi na jibu hilo muda mrefu. Mtu anayeamini unaweza kubishana naye. Aliyechoka utabishana naye nini?

Baada ya hapo Apotre akatangaza kwamba hakuna hukumu, kuna ukombozi tu. Tungekwenda wachache kwa gari la kukodi mpaka kwenye magofu yenyewe, tuombe, roho ibaki kwake, mimi nirudi mzima. Nilikubali. Nilikubali kwa furaha hata. Nilitaka watu waache kunihama kwenye benchi. Tena nilikuwa na siri: siku zangu zilikuwa zimepita, nikapima, nikakuta nina mimba. Nilimwambia mtu mmoja tu, Victorine, msusi wa Hillbrow aliyekuwa kama dada yangu huku. Nilimwambia nitamtangazia Thierry tukishamaliza maombi, kule kule chini ya mnara, ili liwe jambo la baraka. Victorine alinikumbatia akalia. Nilidhani ni furaha.

Nikapika kuku wawili, nikakaanga chapati, nikafunga maandazi kwa ajili ya njiani. Tulikuwa tisa kwenye gari. Tuliimba mpaka mpakani. Pale Beitbridge Apotre akakusanya pasipoti zetu zote, akasema tukigongewa mihuri kwa pamoja ni rahisi. Za wenzangu alizirudisha. Yangu alisema ataitunza mpaka tumalize, kwa sababu ina jina ambalo roho inalijua. Simu yangu Thierry aliiomba ili amsikilizishe mama yake wimbo, akaitia mfukoni. Chakula changu walikila chote. Apotre alisifu kuku.

Tulifika jua likiwa limeanza kuegemea. Ulikuwa mwezi wa sita, nyasi kavu, nyani wamekaa juu ya ukuta kama wenye nyumba. Watalii walikuwa wanatoka. Apotre alituongoza mpaka kwenye mdomo wa kile kichochoro, akaniwekea mikono kichwani, wote wakaomba kwa sauti. Kisha akanipa maagizo mbele yao. Niingie peke yangu, nitembee mpaka mwisho bila kugeuka, nipige magoti kwa kuutazama mnara, nifumbe macho, niimbe, na nisinyanyuke mpaka nisikie naitwa kwa jina langu. “Ukigeuka kabla ya kuitwa,” alisema, “umeirudisha upya.” Nikamtazama Thierry. Akasema, “Nenda, Falonne. Tumalize.” Victorine alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nikaingia. Nikapiga magoti. Niliimba nyimbo zote za kwaya ya Mama, kisha nikaanza upya. Mwanzoni niliwasikia nao wakiimba upande wa pili wa ukuta, halafu sauti zikapungua, nikafikiri wameanza kuomba kimya kimya. Magoti yalikufa ganzi. Baridi ikapanda kutoka kwenye mawe ikaingia tumboni, nikaweka viganja hapo kumkinga yule ambaye hakuwa na jina. Papa, niliendelea kuimba hata nilipokuwa nimeshajua. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilijua, na bado niliimba, kwa sababu nilifikiri nikitii vizuri zaidi wataona haya, watarudi.

Aliyeniita hakuniita kwa jina. Alikuwa mlinzi wa pale aliyekuja kufunga, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni kichaa. Nje hapakuwa na gari. Juu ya jiwe la mlangoni waliniachia mfuko wangu wa nguo, na juu ya nguo, kwa unadhifu kabisa, ile picha yangu.

Mlinzi alinipeleka kwa mwanamke aliyekuwa akiuza chai na sadza, ndio ugali wetu, karibu na lango. Anaitwa Mai Rutendo. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kishona, Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Nilipoona hatuelewani niliweka mkono tumboni nikasema, “Mwana.” Basi kumbe kwao nako mtoto ni mwana. Akaacha chai yake ikichemka, akanivua viatu, akanikanda miguu.

Namba pekee niliyoijua kwa kichwa ilikuwa yako. Niliipiga kesho yake kwa simu ya Mai Rutendo. Uliitika. Nikasema, “Papa, ni mimi Falonne, niko Zimbabwe, wameniacha.” Simu ikakatika. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Nilipiga wiki nzima. Nilimwambia Mai Rutendo kwamba mtandao wa Kalemie ni mbovu, mvua ikinyesha mnara unaanguka. Yeye akatazama juu, kama mtu anayetaka kuona mvua ya mwezi wa sita inafananaje.

Nilikaa kwake. Nilimsaidia kuuza, nikawashonea majirani kwa mkono. Mtoto alizaliwa kwenye nyumba yake, na muda mfupi baadaye ukaja ule ugonjwa uliofunga mipaka ya dunia. Ilipofunguliwa, mtoto alikuwa anatembea. Mai Rutendo alinisihi nibaki. Niliondoka kwa sababu mbili. Moja ni kwamba Masvingo hakuna kazi ya kushona ya kutosha kulisha mtoto. Ya pili ni kwamba nilitaka wanione. Nilivuka Limpopo pamoja na wachuuzi, maji yako magotini, mtoto mgongoni, na katika maisha yangu sijawahi kuogopa maji kama siku ile. Wewe unajua sababu.

Johannesburg ikanipokea inavyopokea kila mtu, bila kuniangalia. Nilimwacha mtoto kwa jirani Mtanzania, Bi Zuhura, nikaenda kanisani Jumapili. Gereji ilikuwa imepakwa rangi mpya. Nikaketi benchi la nyuma. Mwimbaji wa kwanza kuniona alikosa pumzi katikati ya ubeti. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja. Thierry alikuwa mstari wa pili, na ubavuni pake mwanamke ambaye sikumjua, mkono wake ndani ya mkono wake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa kwa kelele, kwa mapepo kukemewa, hata kwa kupigwa. Apotre alishuka madhabahuni, akaja taratibu mpaka karibu yangu, akatazama mahali nilipoketi kama mtu anayetazama ukuta. Akasema kwa upole, “Kiti hiki kiko wazi. Mgeni akija akae hapa.” Akarudi mbele, akafungua Biblia.

Nao wakamtii, Papa. Kanisa zima. Nilisimama nikasema, “Mimi ni Falonne, mliniacha.” Wakaanzisha wimbo, bila hasira, wimbo mzuri tu. Nikaketi. Akaja mama mmoja aliyechelewa, ninamjua, nilimshonea gauni la ubatizo la binti yake. Alikosa pa kuweka mkoba wake. Akauweka juu ya mapaja yangu. Akaweka na Biblia yake juu ya mkoba, akapanga na shela, akaendelea kuimba. Nilikaa nimebeba mkoba wa watu mpaka sadaka ilipopita. Kapu la sadaka lilipofika lilinipita puani likaenda kwa aliyefuata.

Nilipotoka nje nilimkuta Victorine kwenye robot, zile taa za barabarani, anasubiri kuvuka. Taa ikawaka kijani, hakuvuka. Ikawaka nyekundu, akavuka mbio kati ya teksi zikimpigia honi.

Baadaye nilisikia kwamba walikuwa wametangaza nimetoroka na mwanamume wa Kizimbabwe niliyekuwa na miadi naye kule kule magofuni. Ndiyo habari aliyokupa Thierry nawe, au angalau ndiyo mliyokubaliana kusema.

Miaka ikapita hivyo. Mwezi wa tano mwaka huu Thierry alinipita barazani, akarudi nyuma. Mtoto alikuwa amekaa chini ya meza yangu na kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, anapanga vifungo. Thierry alichuchumaa amtazame vizuri. Aliniuliza umri. Nikamwambia uongo. Aliuliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa yule mwanamume wa Kizimbabwe, kwani kanisa si lilikwisha kumwambia? Alilia pale barazani mbele ya wateja wangu, makamasi yanamtoka kama mtoto. Yule mke wake mpya hajazaa. Nilimpa kipande cha kitambaa ajifute, nikaendelea kukanyaga cherehani. Usinilaumu kwa furaha niliyoipata. Ilikuwa ndogo, na imekwisha.

Yeye ndiye aliyekupigia. Wiki chache baadaye akaniletea ujumbe wako.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Niliposikia unakuja, nilifurahi. Nilimwambia mtoto kuna mtu mkubwa anakuja kutoka ziwani. Nilinunua godoro la pili. Nilikata koti la sufu nzito kwa vipimo vyako ninavyovikumbuka, nikaongeza kidogo mabegani kwa sababu ya shati la ndani, maana najua hujui baridi ya huku. Yote ambayo hukuyafanya nilikuwa nimekutafutia sababu. Kwamba simu ilikatika. Kwamba walikudanganya. Kwamba wewe ni mzee na mimi ni mbali.

Nilikuwa nashona vifungo vya koti hilo Victorine alipokuja. Amezeeka ghafla. Alisimama mbele ya meza yangu, hakutaka kiti. Alisema amesikia baba yangu anakuja, naye ameshindwa kula. Alisema siku ile kwenye gari, walipoondoka na kuniacha, yeye alipiga kelele wageuze, akawaambia nina mimba. Thierry wakati huo alikuwa ameshuka kwenye kituo cha mafuta, hakusikia. Mama mwingine naye akaanza kulia, watu wakayumba. Ndipo Apotre akatoa simu yake, akasema yeye hakutenda kwa mamlaka yake mwenyewe, akawasikilizisha sauti. Waliposikia, Victorine alisema, hakuna aliyelia tena, hata yeye. Sauti hiyo Apotre aliwatumia kwenye kundi lao ili mioyo itulie. Victorine hakuifuta. Aliniuliza kama nataka kuisikia, na nikasema ndiyo.

Papa, nitaiandika kama ulivyoisema, kwa sababu nimeisikiliza mpaka naijua kuliko sala.

Ulisema: “Mtumishi wa Mungu, mimi sina la kupinga. Tangu siku ziwa liliponinyang’anya Joël nilijua kuna kitu ndani ya mtoto huyu. Alikwenda na mdogo wake kufua, akarudi na nguo. Nguo zote zilikuwa kamili, hata soksi moja haikupotea. Kama ana kwao, mrudisheni kwao. Na akiuliza njia ya kurudi, msimwonyeshe.”

Nyuma ya sauti yako anasikika jogoo. Anasikika pia Mama, alikuwa bado hai, anauliza unaongea na nani. Ukamjibu, “Watu wa kanisa.”

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Joël alifuata povu la sabuni lililokuwa linaelea, na mahali pale maji yanakuwa na kina ghafla, wewe mwenyewe unapajua. Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakaja, wakapiga mbizi, wakanifukuza niende nyumbani kuita watu. Nikabeba beseni. Nililibeba kwa sababu wiki iliyotangulia ulinichapa kwa kupoteza taulo, na kichwa cha mtoto wa miaka tisa kilikuwa kimekwisha kupasuka, kikabakiwa na wazo moja tu: nguo zisipotee. Kama ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza siku ile wala siku nyingine. Uliniwekea mkono kichwani mbele ya wafiwa ukasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa, na mimi nikakupenda kwa mkono ule maisha yangu yote. Kumbe ulikuwa unahesabu soksi.

Basi, jibu langu ni hili. Usije. Sitakuwa Park Station. Ukija ukaniulizia Bertrams, nitakuwa nimehama, na watu wa huku wamezoea kusema hawajui. Mtoto hataitwa Joël. Ana jina alilopewa na mwanamke aliyenikanda miguu, na jina hilo sitaliandika kwenye karatasi itakayoshikwa na mkono wako. Ni damu ya Thierry. Ukitaka kumwambia, mwambie. Itambidi kwanza aamini kwamba kanisa lake lilisema uongo, na yeye ni mtu anayechoka haraka. Koti nimemuuzia dereva wa teksi. Limemkaa vizuri.

Labda utasema mtoto hana hatia, ana haki ya kumjua babu yake. Hapo nakubaliana nawe, na nimelishughulikia. Jioni ile ile Victorine alipoondoka, mtoto aliniuliza yule mtu wa ziwani atafika lini. Nikamwambia amefariki. Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikatafuta, Papa. Nikamwambia alikuwa mtu mwema, alinipenda sana, na kwamba siku niliyopotea alinitafuta mpaka miguu ikamvimba. Aliamini. Kila anapokwenda kulala sasa anakutaja baada ya Mama, anaomba upumzike kwa amani, na uso wake unakuwa mzuri anapolitaja jina lako. Ni babu mzuri niliyempa. Tafadhali usije ukamwondolea.

Nimalize hapa, mwanga umepungua na kesho nina sare za kukabidhi. Wasalimie wa nyumbani, wasalimie wazee wa kanisa. Weka miguu juu ya mto unapolala, chumvi punguza. Mungu akulinde huko uliko, huko huko.

Ni mimi niliyekuwa binti yako,

Falonne